Sura ya Tano: Mji wa Baiskeli

Mgeni anayeshuka stendi ya Kange na kuingia Tanga mjini hukutana na baiskeli kabla hajaiona bahari. Mama aliyevaa baibui anakanyaga pedeli, kapu la samaki limefungwa kwenye keria. Mwanafunzi kampakia mdogo wake kwenye bomba la mbele. Fundi mwashi kachomeka mwiko na timazi kwenye fremu. Mzee wa kanzu na kofia anaelekea msikitini, wala hana haraka. Mji umelala tambarare. Ngamiani ilipimwa kwa barabara zilizonyooka, zikapewa namba, na mtu akikuelekeza barabara ya kumi na mbili utafika bila kupanda kilima hata kimoja. Upepo wa bahari unapoza jasho.

Katika sura hii nataka kuitetea baiskeli hiyo, pamoja na sahani ya bada, ule ugali wa muhogo, na fungu la mboga ya mchunga. Naamini kinga ya kiribatumbo katika pwani yetu ya kaskazini, kuanzia Mkinga hadi Pangani, imo katika vitu hivyo kuliko katika kumbi za mazoezi zenye vioo na mashine. Vitu hivyo tunavyo tayari, na tunavipoteza huku tunaviona.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Wataalamu huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umepita kiasi; likifika 30, hicho ni kiribatumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wamepita mpaka huo wa kwanza. Mwaka 2015/16 wakawa 28. Ulipofika utafiti wa 2022 walikuwa wameongezeka tena. Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulipima watu wa miaka 25 hadi 64 nchi nzima, ukakuta uzito uliozidi kwa wanawake 37 katika kila 100, na kwa wanaume 15. Waliokutwa na kisukari walikuwa 9 katika 100, na wenye shinikizo la damu walikuwa zaidi ya robo.

Linganisha na habari ya zamani kidogo. Mwaka 1989 Daktari Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,000 wa vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika 100. Umri wa waliopimwa na namna ya kupima vinatofautiana, kwa hiyo tarakimu hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Lakini hakuna daktari wala muuguzi wa siku nyingi atakayebisha kwamba mambo yamegeuka. Ugonjwa uliokuwa wa matajiri wachache leo unakaa foleni kliniki pamoja na muuza vitumbua na dereva wa bajaji.

Kilichobadilika ni nini? Jibu lililo wazi kuliko yote nililosoma limetoka katika nchi yetu wenyewe. Watafiti wakiongozwa na Nigel Unwin waliwafuata watu waliokuwa wakihama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawapima tena baada ya mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa 2010. Kijijini, karibu wanaume 8 katika kila 10 walikuwa na kazi za kutoa jasho jingi. Baada ya mwaka mmoja mjini hawakufika 3. Wanawake walishuka kutoka karibu 4 hadi chini ya 2. Na kila upande, wanaume kwa wanawake, uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili.

Mwaka mmoja tu. Watu hawa hawakugeuka wavivu wala walafi ghafla. Walikwenda kutafuta maisha, wakayakuta mazingira yasiyowadai miguu yao. Ndiyo maana nina ugomvi na mahubiri yanayomwambia mtu mnene kwamba hana nidhamu. Mahubiri hayo yanamwaibisha mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, na hayampunguzii hata gramu moja.

Tanga ilijengwa kwa kazi za mwili. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida, ulizaa mashamba yaliyofunika mkoa na kuwaleta wakata mkonge kutoka kila upande wa nchi na nje yake. Bandarini makuli walibeba magunia kutoka kwenye matishari. Sitamani siku hizo zirudi. Kazi zile zilivunja migongo na malipo yake yalikuwa ya dhuluma. Bandari ya leo imechimbwa kina na kuwekewa mashine, na ni heri. Ninachosema ni kwamba mwili uliokuwa ukishughulishwa na kazi sasa unahitaji kushughulishwa na kitu kingine, na kitu hicho lazima kiingie ndani ya siku ya mtu, kisiwe mzigo wa ziada juu ya siku iliyokwisha kujaa.

Hapo ndipo baiskeli inaposhinda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Mtu anayekwenda sokoni au kazini kwa baiskeli dakika 15, akarudi kwa dakika 15, siku tano za wiki, amezimaliza zote bila kununua raba wala kulipa kiingilio. Hakuamka mapema zaidi. Hakumwachia jirani watoto. Ameokoa na nauli. Kwa mwanamke wa pwani faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa viwanja vyetu vingi vya michezo vimekuwa vya wanaume tangu zamani, na mama wa makamo akikimbia barabarani huangaliwa mara mbili. Juu ya baiskeli, Tanga, hakuna anayemshangaa. Stara yake ipo na safari yake ina sababu. Miji mingine ya Tanzania ingehitaji miaka mingi kuijenga ruhusa hiyo. Sisi tumeirithi.

Lakini urithi huo unayeyuka. Tangu bodaboda na bajaji zilipojaa mjini, kijana akipata fedha kidogo huona aibu kukanyaga pedeli. Baiskeli inahesabiwa kuwa ya aliyekosa. Barabara nazo zimetengenezwa vizuri, nyingi kwa mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na lami safi imeleta mwendo kasi. Mzazi mwenye akili anamkataza bintiye kwenda shule kwa baiskeli pale ambapo lori linampita kwa umbali wa mkono, na hawezi kulaumiwa. Panapokosekana nafasi salama ya kupita, wosia wa daktari hauna pa kukanyaga.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wengi wa mazoezi hawapendi kulisikia. Baiskeli peke yake haitoshi kumpunguza mtu uzito. Ushahidi wake umetoka pia Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia kwa siku watu hawa wanaotembea, kuwinda na kuchimba mizizi, wakachapisha majibu mwaka 2012. Walipozingatia ukubwa wa miili, walikuta Wahadzabe wanatumia nishati kiasi kilekile na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine. Mazoezi yanalinda moyo, yanashusha sukari na presha, yanaimarisha mifupa na kuleta usingizi, na hayo yanatosha kuwa sababu ya kuyafanya hata kama mizani haisogei. Lakini uzito unaamuliwa zaidi jikoni. Wahadzabe ni wembamba kwa kile wanachokula.

Basi twende jikoni.

Mwaka 2011 Gudrun Keding na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha utafiti juu ya ulaji wa wanawake wa vijijini katika wilaya tatu, mojawapo ikiwa Muheza. Waliona namna mbalimbali za kula. Ipo ile ya asili ya pwani: samaki, matunda, nazi na karanga, muhogo na jamii zake. Ipo nyingine waliyoiita ya kununua: mkate na vitafunwa vya kukaanga, sukari, chai ya rangi. Hiyo ya kununua ndiyo iliyokwenda sambamba na miili mizito zaidi. Kumbuka wanaozungumzwa hapa si watu wa hoteli za mjini. Ni wakulima.

Nani asiyeijua asubuhi hiyo? Chai ya rangi, vijiko vitatu au vinne vya sukari, maandazi mawili, au chapati iliyomwagiwa mafuta mpaka inang'aa. Inashibisha haraka, ni rahisi, na muuzaji yuko mlangoni. Saa nne njaa imerudi, mtu anatafuta sambusa na soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Mtu hatii vijiko tisa kwenye kikombe kimoja, lakini soda anainywa kwa pumzi mbili. Shirika la Afya Duniani linataka sukari yote ya kuongezwa, ya siku nzima, isizidi vijiko 12 hivi, na ikiwezekana iwe nusu yake. Jioni ni chipsi mayai. Katika siku hiyo yote hakuna jani la kijani lililoingia mdomoni. Ule utafiti wa nchi nzima wa 2012 ulikuta watu 97 katika kila 100 hawafikishi kiasi cha mboga na matunda kinachoshauriwa, ambacho ni gramu 400 kwa siku.

Na haya yanatokea wapi? Katika mkoa wa Tanga! Malori ya machungwa yanaondoka Muheza kwenda Dar es Salaam na kuvuka mpaka kwenda Kenya. Kabeji, karoti na nyanya za Lushoto zinashuka milima ya Usambara kila siku. Samaki wanateremshwa Deep Sea na Sahare alfajiri. Mchunga, mboga ile chungu ambayo bibi zetu walituamuru kuila, huota wenyewe shambani hata usipopandwa. Kuna kisamvu, majani ya kunde, tembele, mlenda. Mbaazi za nazi, kitoweo cha asubuhi kinachopendwa pwani nzima, zina protini na nyuzinyuzi za kumfikisha mtu adhuhuri bila njaa. Kosa letu ni kwamba mbaazi zimebaki kuwa sababu ya kula maandazi manne. Zikilala na kipande cha muhogo wa kuchemsha, au na andazi moja, ni kifungua kinywa ambacho mtaalamu wa lishe yeyote angekisifu.

Sitaki kuvifanya vyakula vya asili kuwa vitakatifu. Bada ni wanga kama ugali mwingine. Uzuri wake uko katika kile kinacholiwa nacho, samaki na mboga, na katika ukubwa wa tonge. Tui zito lina mafuta mengi, na mwanamke anayepika kila siku kwa tui la kwanza anaweza kulipunguza bila chakula kupoteza ladha ya pwani. Papa mkavu na ng'onda wana chumvi inayopandisha presha, hivyo huloweshwa na maji yakamwagwa. Hizi ni hekima ndogo ambazo wapishi wetu wanazo. Kinachohitajika ni kuwapa sababu ya kuzitumia.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni heshima. Pwani unene umekuwa na maana yake. Mwali hutiwa ndani, akasingwa liwa na kulishwa ili atoke amenawiri. Mzazi hulishwa uji, supu na maziwa siku arobaini, na mama mkwe huhesabiwa wema kwa mwili wa mkazamwana. Mume mwenye kitambi anaonekana mambo yake yamemnyookea. Rudi kwenu baada ya mwaka ukiwa umepungua kilo tano kwa kuendesha baiskeli na kuacha soda, shangazi atakupokea kwa masikitiko: "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Una nini?" Swali hilo lina historia chungu. Tangu UKIMWI ulipoingia nchini katika miaka ya 1980, kukonda kuliogopwa kama hukumu, na watu wengi walibaki wanene kwa kuogopa macho ya majirani. Leo dawa zipo na wagonjwa wanaishi, lakini hofu imebaki. Mhudumu wa afya anayesema "punguza uzito" bila kuijua hofu hiyo anaongea na ukuta. Inafaa zaidi kuzungumzia nguvu, pumzi, magoti yasiyouma, presha iliyotulia. Hayo shangazi anayataka pia.

Ndiyo maana kinga hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja mmoja. Dunia imeshatuonyesha. Huko Karelia ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Finland, wanaume walikuwa wakifa kwa moyo wakiwa bado na nguvu za kazi. Mwaka 1972 Pekka Puska na wenzake walianza mradi ambao haukuishia hospitalini. Waliingia katika chama cha akinamama cha Martta, wakapika pamoja vijijini, vyakula vilevile vya nyumbani vikiwa na mafuta na chumvi kidogo, mboga zaidi. Wakazungumza na wenye viwanda vya maziwa na soseji. Baada ya miongo minne hivi, vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Siagi ilikuwa kwao kama tui lilivyo kwetu, lakini walikubaliana kuipunguza kwa pamoja.

Sisi tuna vikoba, vikundi vya maulidi na vya ngoma, madrasa, mabaraza ya kahawa. Kikundi cha akinamama kinachokutana kila wiki kuweka akiba kinaweza kuwa na mizani na kipimo cha presha, na wakakubaliana kwamba katika shughuli zao soda itakuwa kwa wageni tu, wenyeji watakunywa madafu au maji. Imamu anaweza kuzungumzia futari. Mwezi wa Ramadhani, ambao ungetupunguza, wengi tunautoka wazito zaidi kwa kaimati na tambi za sukari zinazoliwa mpaka daku. Na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapeleka wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000, katika mitaa na vijiji kwa miaka mitano. Hao ndio wa kuingia vikobani.

Serikali haikukaa kimya huko nyuma. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Zanzibar hufanya tamasha la mazoezi ya viungo kila Januari mosi. Siku hizo zina thamani, zinaondoa aibu. Lakini mwili hauishi kwa siku moja ya mwezi. Kigali walikwenda mbele zaidi: tangu 2016 wanafunga barabara kuu kwa magari Jumapili asubuhi, siku hizi mara mbili kwa mwezi, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, na wanapimwa sukari na presha papo hapo. Tanga ingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki. Njia ya kutoka Bustani ya Jamhuri, ukaipita hospitali ya Bombo hadi Raskazone, ina vivuli, ina bahari, na Jumapili asubuhi magari yake ni machache.

Kisha zije njia za baiskeli zenye ukingo, si rangi iliyochorwa tu kwenye lami. Barabara za Ngamiani ziwekewe matuta. Shule zilindiwe viwanja vyake. UMITASHUMTA na UMISSETA ni mashindano mazuri ya michezo ya shule, lakini yanachagua wenye vipaji. Mtoto mzito, anayehitaji mchezo kuliko wote, anabaki pembeni kushangilia. Kipindi cha michezo kiwe cha darasa zima, na langoni mwa shule anayeuza chungwa lililomenywa apewe nafasi mbele ya anayeuza barafu za rangi na visheti. Jambo hili la langoni mwalimu mkuu na kamati ya shule wanaweza kulimaliza kwa kikao kimoja.

Kwako wewe unayesoma sura hii ukiwa Makorora, Pongwe, Muheza au Pangani: kama baiskeli yako imeegeshwa uani kwa pancha, ipeleke kwa fundi wiki hii. Na diwani akija kuomba kura, muulize njia ya baiskeli ya kata yako itapita wapi, na uwanja wa shule ya msingi umepimwa na kupewa hati au haujapewa. Akikosa jibu, usimpe kura.